Maneno ya Nyuma ya Shuka

Jumapili, 25 Novemba 1956

Mvua ya kwanza imenyesha katikati ya ibada. Baba ni katekista wa hapa Itetemia, na leo ilimbidi apaze sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, maana bati lilikuwa linapiga kelele kuliko yeye. Nimemaliza shule wiki mbili zilizopita. Masista walitugawia daftari moja moja, wakatuambia msichana asiposhika kalamu kila siku, baada ya mwaka ni kama hakusoma. Basi naandika.

26 Novemba

Tumepanda mahindi. Mgongo unauma.

Alhamisi, 29 Novemba

Nimekwenda mjini kupiga picha ndogo ya kubandika kwenye fomu ya chuo cha ualimu. Duka la picha ni la Bi Maua binti Shaban, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe kamera tatu na chumba cha giza. Anakaa na Bi Nyamizi, mwanamke wa Puge, mrefu na mkimya, anayesuka mikeka uani. Watu wanasema ni mpangaji wake.

Nikiwa nasubiri, Bi Maua alinipa karatasi iliyoandikwa kwa penseli.

“Nisomee hapa, binti, macho yangu yamechoka.”

Nikasoma. Ilikuwa habari ya wapagazi wa zamani wakifunga mizigo.

“Tena. Usimeze maneno.”

Nikasoma tena. Uani mkono wa Bi Nyamizi ukaacha kusuka. “Huyo ndiye,” alisema.

Bi Maua anatengeneza sinema. Si kama zile za gari la sinema la serikali, zinazotufundisha kuchimba choo na kupanda pamba kwa mstari. Hii ni ya hadithi. Kamera yake ni ndogo kama kibuyu cha maziwa na inajazwa kwa ufunguo kama saa. Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku aliyehama alimwachia marehemu mumewe, pamoja na mashine ya kuonyesha. Lakini kamera hiyo haichukui sauti. Siku ya kuonyesha lazima awepo mtu wa kusema maneno kwenye kipaza sauti, kama afanyavyo yule bwana wa gari la sinema.

“Mimi naona haya,” nilisema.

“Ndiyo maana utakaa nyuma ya shuka la kuonyeshea picha.”

2 Desemba

Nimemwomba Baba ruhusa. Nimemwambia ni kazi ya kusoma na kuandika kwenye duka la picha, siku tatu kwa wiki. Si uongo. Amekubali, akasema itanitoa woga kabla ya ualimu.

5 Desemba

Leo nimeelezwa hadithi yote. Ni ya kweli, ya dada yake bibi yake Bi Nyamizi, aliyeitwa Kalunde. Zamani za misafara alinyoa nywele, akajifunga nguo kama mwanamume, akabeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani. Watu wa kwao walidhani alifuata vitambaa na shanga. Alimfuata Tausi, mwanamke wa mjini aliyekuwa akibeba vyungu vya kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Walikwenda miezi mitatu, wakarudi miezi mitatu. Halafu wakajenga nyumba moja nje ya mji, wakakaa humo mpaka Tausi akafa, na Kalunde naye baada yake.

“Waume zao?” niliuliza.

“Hawakuwa nao,” alisema Bi Nyamizi.

“Hakuna hata mmoja aliyekuja kuposa?”

“Walikuja. Walikaribishwa uji, wakanywa, wakaenda zao.”

Bi Maua alicheka. Bi Nyamizi hakucheka. Alisema hadithi hii kwao Puge haisimuliwi. Bibi yake alimpa yeye peke yake wakiwa wanapalilia, na yeye hana wa kumpa.

Nimerudi nyumbani nikitembea polepole. Sikuwahi kujua kwamba jambo kama hilo linaweza kuwa hadithi.

8 Desemba

Mvua kutwa. Hatukupiga kitu.

11 Desemba

Kulikucha na jua, tukatoka kwenye njia ya zamani ya misafara. Bi Nyamizi ndiye Kalunde. Tausi ni Kuluthumu, jirani anayeuza vitumbua, mnene, mdomo haumkauki. Pembe za ndovu ni vigogo vya migomba vilivyopakwa chokaa. Wapagazi ni majirani waliokuja kwa ajili ya wali.

“Nyie!” Kuluthumu aliwaambia. “Mnatembea kama mnakwenda kula. Wapagazi walikuwa wanatembea kama wameshakula jana!”

“Wewe mwenyewe, shoga, kwa unene huo msafara ungekubeba wewe na kuacha pembe,” alijibu mmoja.

Tulipofika mtoni mvua ikatukuta. Chokaa yote ikachuruzika, pembe zikawa migomba. Bi Maua alikuwa amefunika kamera kwa kanga yake mwenyewe, naye analowa, anasema, “Endeleeni, endeleeni, hivyo hivyo.” Kazi yangu ni kuandika kila kipande: nani kapita, kashika nini, mkono gani. Daftari lililowa lakini nimeyanakili yote.

14 Desemba

Nimejifunza kusafisha filamu. Maji ya mvua ndiyo mazuri, maana ya kisima yana tope jekundu na yanaacha madoa. Kwa hiyo mapipa manne yamewekwa chini ya bati, na mvua ikinyesha wote watatu tunafurahi. Filamu inatundikwa kwenye kamba chumbani kama matumbo ya mbuzi. Jioni hii kumbikumbi wametoka ardhini, wakaingia na kunata kwenye filamu mbichi. Tumewabandua mmoja mmoja kwa sindano. Bi Nyamizi alikuwa anawabandua na kuwala.

“Unakula sinema yangu,” Bi Maua alimwambia.

“Nakula wenye mabawa tu. Sinema nimekuachia.”

25 Desemba

Noeli. Nyama ya mbuzi. Mama amesema kuna familia ya Kipalapala inauliza habari zangu, wana kijana mtulivu. Niliosha vyombo vyote ili nisiwepo wakiendelea kuzungumza.

9 Januari 1957

Leo tumepiga kipande cha mwisho: Kalunde na Tausi mlangoni, wamezeeka, unga kichwani badala ya mvi, wanakula ugali katika bakuli moja huku mvua inanyesha nyuma yao. Ilikuwa mvua ya kweli. Kuluthumu alishindwa kukaa kimya hata dakika moja, akawa anasema, “Ugali huu hauna chumvi, mboga yenyewe kidogo hivi?” Bi Maua akamwambia aseme atakavyo, picha haina masikio.

Lakini aliposogea na kamera, Kuluthumu alitulia mwenyewe. Bi Nyamizi alimega tonge, akaacha upande wenye mboga nyingi umwelekee mwenziwe. Hakutazama kamera. Alimtazama aliyeishika, nyuma yake, mara moja tu.

Nilitakiwa niandike mkono gani. Sikuandika. Nilikuwa nimewatazama, na nikajua kwamba Bi Nyamizi si mpangaji. Sikushtuka. Kitu kifuani kilikaa sawa, kama mzigo ukihamishwa bega. Nilimfikiria Leonia, tuliyekuwa tukilala vitanda vya jirani shuleni, na barua zake nne. Sitaandika zaidi ya hapo.

17 Januari

Maneno yamekamilika. Bi Nyamizi anasema, mimi naandika, Bi Maua anakata. Mwisho ni hivi: “Walikula hivi miaka thelathini. Waliokuja kuwatenganisha walipewa uji. Nyumba yao ilianguka baada yao, si kabla yao.”

Nimeyasoma mara kumi nyuma ya shuka. Kutoka nyuma naiona picha imegeuka: Kalunde anayebeba bega la kulia kwa watu, kwangu anabeba la kushoto. Nikiwa huko sauti yangu haitetemeki. Bi Nyamizi alikuja akanishika mkono. “Picha ni bubu, mwanangu. Wewe ndiye mdomo wake.”

Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivyo.

30 Januari

Mahindi yamefika kiunoni.

4 Februari

Jumba la mikutano limekubali tuonyeshe Jumamosi ya tarehe 23. Lakini kwanza Bwana Yoramu, katibu wa kamati ya jumba, lazima aione. Ni mtu wa suti ya kaki na kalamu mbili mfukoni, na ana sauti nzuri ya kwaya.

8 Februari

Bwana Yoramu ameiona leo dukani, nami nikasema maneno yote. Mwishowe akavua miwani.

“Bi Maua, kazi ni nzuri. Sijapata kuona Mwafrika ametengeneza kitu kama hiki. Lakini hawa wawili ni nani kwa nani?”

“Umesikia.”

“Nimesikia. Na watu mia tatu watasikia. Kuna masheikh pale, kuna wachungaji, kuna watoto.”

“Wanakula ugali, Bwana Yoramu. Umeona wanafanya nini kingine?”

“Sikuona. Ndiyo sababu nasema picha isiguswe hata kidogo.” Aligeuka kunitazama mimi. “Ni maneno tu. Yaseme ni dada na mdogo wake. Na mwisho, ule ni ugali wa kuagana. Kesho yake Kalunde anarudi kwao anaolewa. Mnaona? Picha ile ile. Hakuna kilichopotea.”

Bi Nyamizi alisimama akaenda uani. Bi Maua alisema hapana. Bwana Yoramu akasema basi na jumba hapana. Walibishana mpaka Bi Maua akasema, “Haya, nitafikiri.” Bwana Yoramu alipotoka, Bi Maua alinikonyeza. “Nimesema nitafikiri. Siku ile utasema yetu. Kipaza sauti kikishawashwa, ataukimbilia mdomo wako?”

12 Februari

Baba anajua. Bwana Yoramu ni Mmoraviani na Baba ni Mkatoliki, lakini wanafahamiana tangu zamani, wote wawili watu wa kamati. Baba hakunipiga wala hakupiga kelele. Aliniita nje, tukakaa kwenye gogo.

“Umesema ni kazi ya kusoma na kuandika.”

“Ndiyo, Baba.”

“Unajua unachosoma?”

Nilichuna gome la gogo.

“Umesikia wapi, Bernadeta, wanawake wawili wakajenga nyumba moja, wakakaa humo mpaka kufa, na Kanisa likasema ni vema?”

Nilitaka kusema: masista. Neno lilifika kwenye meno likarudi.

Alisema barua ya Padri kwa chuo cha ualimu haijaandikwa bado, na atakayeiomba ni yeye. Hawezi kwenda kuiomba Jumatatu kama Jumamosi mwanawe amesimama mbele ya mji mzima akisema yale. Alisema pia huenda ukatekista wenyewe ukaondoka. Alipofika hapo aliingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia. Nimemwogopa Baba maisha yangu yote na sikujua kwamba naye anaogopa.

Alinipa karatasi. Maneno mapya, mwandiko mzuri wa Bwana Yoramu.

13 Februari

Mvua.

14 Februari

Mvua.

16 Februari

Nimekwenda dukani kama kawaida. Nilidhamiria kuwaambia. Bi Nyamizi alikuwa ameshona gauni jipya la kuvaa siku hiyo, kitambaa cha bluu, akaniuliza kama mikono si mifupi. Nikasema si mifupi. Nikaenda nyumbani.

20 Februari

Nimefikiri hivi, na naandika ili nione kama ni kweli. Watu wana macho. Wataona anavyomega tonge. Wataona wanavyotembea, mmoja akipunguza hatua ili mwingine amfikie. Nikisema dada, macho yao yatajua. Maneno ni maneno tu, hata Bwana Yoramu kasema. Nitakwenda chuoni, nitakuwa mwalimu, na picha itabaki ile ile.

Jumapili, 24 Februari

Sikulala. Nitaandika yote.

Jumba lilijaa mpaka madirishani. Bi Maua alikuwa kwenye mashine, katikati ya watu. Mimi nyuma ya shuka, kipaza sauti kwenye kiti, karatasi mbili gaunini, ile yetu kulia na ile ya Bwana Yoramu kushoto. Kwenye tundu la shuka nilimwona Bi Nyamizi, gauni la bluu, mstari wa tatu. Baba alisimama karibu na mlango.

Taa zilizimwa. Watu walipomwona mtu wanayemjua kwenye shuka walipiga kelele kiasi kwamba sikuweza kuanza. “Nyamizi huyo! Jamani, Nyamizi kanyoa!” “Kuluthumu, toka humo, vitumbua vinaungua!” Kuluthumu akawajibu kutoka kwenye viti, “Leteni ngazi nishuke!” Cheko likawa kubwa, nami nikacheka peke yangu kule nyuma, na nikafikiri, nitasema yetu. Nilikuwa na hakika.

Nikaanza. Mwanzo wa karatasi zote mbili ni sawa: wapagazi, mizigo, kengele ya kirangozi. Sauti yangu ilitoka kwenye spika kubwa kama ya mtu mwingine. Ikafika pale Tausi anapotokea na vyungu vyake. Pale ndipo njia zinapoachana. Nilivuta pumzi. Nikachungulia tunduni, nikamwona Baba amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliye makaburini.

Nikasema, “Huyu ni Tausi, dada yake mkubwa.”

Ilikuwa rahisi. Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Baada ya neno la kwanza mengine yalikuja yenyewe. Nilisoma safari yote, dada na mdogo wake, wanavyosaidiana, wanavyowakumbuka wazazi. Kina mama walikuwa wanasema “Maskini!” na “Mwangalie mdogo mtu anavyomtii mkubwa.” Macho yao yaliona nililowaambia waone. Na kwa ugali nikasema, “Huu ni ugali wa kuagana. Kesho Kalunde atarudi kwao, ambako mume amepatikana. Dada anambariki.” Mwanamke mmoja alilia kwa sauti.

Walipiga makofi muda mrefu. Nilipochungulia, mstari wa tatu ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Bi Maua alikuwa anazungusha filamu irudi kwenye gurudumu lake. Hakuinua kichwa.

“Bi Maua.”

“Ngoja imalize.”

Ikamaliza. Aliifunga kwenye kopo.

“Walikushika?” aliuliza.

“Hapana.”

“Walikutishia?”

“Baba alisema...”

“Kama ungeniambia, ningeionyesha bila neno. Ningewaacha watazame kimya.” Hakuwa na hasira. Alionekana mzee. “Hilo tu. Kuniambia.”

Bwana Yoramu alikuja akanishika bega mbele ya watu. “Mwalimu wetu huyu!”

26 Februari

Barua ya Padri imeandikwa.

2 Machi

Bwana Yoramu ameomba filamu aizungushe vijijini kwa lori la pamba. Bi Maua alikataa. Kamati ikamkumbusha kwamba ruhusa ya kupiga picha njia kuu aliomba kwao, na duka liko kwenye kiwanja chao. Akampa kopo. Habari hizi nimezipata kwa Kuluthumu. Dukani siendi.

“Kwa nini huendi?” aliniuliza, huku anageuza vitumbua.

“Naona haya.”

“Haya! Ungeona haya siku ile kwenye spika.”

13 Machi

Mahindi mabichi ya kwanza. Kwaresima, kwa hiyo hakuna nyama. Bwana Yoramu ameonyesha filamu Puge, siku ya gulio. Amesema maneno mwenyewe, kwa Kinyamwezi, kwa karatasi ile. Hakunihitaji.

19 Machi

Kaka yake Bi Nyamizi amekuja kutoka Puge. Kuluthumu alinifuata mpaka Itetemia, anahema. “Njoo. Usikie uongo wako ukirudishwa machoni pako, na wewe ujue ulivyo.”

Nilikwenda. Anaitwa Ambrosi, mkulima, viatu vya matairi, mpole. Alinisalimu “Mwangaluka” kama mtu mzima mwenzake, nami nikamwamkia shikamoo. Walikuwa wamekaa uani, Bi Maua kwenye kinu kilicholazwa, Bi Nyamizi kwenye mkeka ambao haujaisha.

“Sikuja kwa ugomvi,” alisema Ambrosi. “Mama haoni tena. Wake zetu wanamlisha, lakini anamwita Nyamizi. Na yule mgane mwenye ng'ombe, Mzee Damas, bado anauliza habari zako.”

“Miaka kumi na minne nimekaa hapa,” alisema Bi Nyamizi. “Hukuwahi kuja.”

“Ningesema nini? Ulisema una kazi mjini. Lakini sasa kijiji kizima kimekuona. Umesimama pale, uso wako, umekula ugali wa kuaga, ikasemwa unarudi kuolewa. Wazee wameniuliza: dada yako anafika lini?”

“Ule ni mchezo, kaka.”

“Najua ni mchezo. Mimi si mtoto. Lakini huku kwetu picha ya pamba ni ya mtu anayelima pamba kweli, na picha ya choo ni ya mtu aliyechimba. Wazee wanasema, mtu hajitokezi mbele ya watu akafanya asilokusudia. Na ulimtaja bibi yetu Kalunde. Hata yeye alirudi. Mimi nilikuwa sijui, nimejua juzi. Nilifurahi.” Akatabasamu kweli. “Tulikuwa tunaogopa kuuliza habari zake.”

Bi Nyamizi alinitazama. Wote wakanitazama. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Hapakuwa na shuka, hapakuwa na watu mia tatu, mtu mmoja tu mpole aliyetaka kujua.

“Hakurudi,” nilisema. Nadhani nilisema. Sauti ilikuwa ndogo.

“Nini, binti?”

“Kalunde. Hakurudi. Niliambiwa niseme hivyo.”

Ambrosi alifikiri. “Uliambiwa na nani?”

Nikamfikiria Baba, na barua ya Padri iliyoko njiani. Nikainama nikautazama mkeka.

“Unaona,” alimwambia dada yake kwa upole. “Hata yeye hajui.”

Kisha akamgeukia Bi Maua. “Mama, wewe umekaa na dada yetu vizuri. Tunakushukuru. Ulikuwa kama dada kwake.”

Bi Maua angejibu nini? Neno alilokuwa nalo nimelipoteza mimi, na lililobaki ndilo hilo, nami ndiye niliyelitangaza.

23 Machi

Ameondoka kwa lori. Gauni la bluu, sanduku moja. Mkeka umebaki na kingo hazijafungwa. Kuluthumu anasema waliagana ndani, mlango umefungwa, na nje Bi Maua alimpa mkono kama mwenye nyumba.

30 Machi

Mvua inapungua.

7 Aprili

Nimekubaliwa chuoni. Mama amepiga vigelegele. Baba alisali sala ndefu ya shukrani na hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Tangu Februari tunapitana nyumbani humu kama watu walioiba pamoja.

15 Aprili

Tumevuna mahindi ya shamba la juu. Kila gunzi nilisema nitakwenda kesho.

Jumamosi, 27 Aprili

Kesho treni. Leo nimekwenda dukani.

Bi Maua alikuwa anampiga picha bwana harusi. Nilisubiri nje. Alipotoka aliniona akasema, “Ingia, kuna jua.” Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ila yalitoka mawili. Alisema ameyasikia.

Nikamwambia nitamwandikia Ambrosi barua, nitaeleza yote, nani aliniambia na kwa nini.

“Nani atamsomea?” aliuliza. “Hajui kusoma. Atapelekewa katekista wa Puge.”

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nikamwambia basi niyaandike upya yale maneno ya kweli, ayaweke na filamu itakaporudishwa, ili siku moja mtu ayasome kama yalivyokuwa. Akanipa karatasi na penseli. Nilikaa pale pale kwenye benchi la wateja. Mwanzo ulikuja wote: mizigo, kengele, mto. Nilipofika kwa Tausi, mkono uliandika “dada yake.” Nikakata. Nikaandika tena, na nikajikuta natafuta ilivyokuwa, na haikuja. Sauti niliyoisikia kichwani ni ile ya kwenye spika. Ule mwisho wa uji naukumbuka kwa sababu niliuandika humu daftarini, lakini mengine yote, yale ya njiani, aliyotunga Bi Nyamizi akiwa anasuka, nilichanganya. Mama aliwashia moto karatasi yetu ile mwezi Machi. Sikumzuia.

Bi Maua alichukua penseli mkononi mwangu, si kwa ukali.

“Yuko yeye anayeyajua,” alisema. “Anachota maji Puge.”

Mezani kulikuwa na kamera ya sinema, imefunguliwa, imepakwa mafuta. Pembeni gurudumu jipya ambalo halijatumika, bado kwenye karatasi yake.

“Unatengeneza nyingine?”

“Natengeneza.” Akafunga kifuniko, akakifuta kwa kanga. “Safari hii nitasema mwenyewe, kwa sauti yangu hii hii ya chura. Wewe nenda kasome, mwanangu. Ufundishe watoto vizuri.”

Nilitaka kumwuliza inahusu nini. Neno lilifika mdomoni. Nililimeza, maana nilijua kwamba nikiambiwa, na mtu akaniuliza kwa ukali kidogo, nitasema.